Kwa nini jino huendelea kuuma baada ya kubadilishwa taji?

WATU wengi wanaobadilishiwa taji la jino hutarajia kwamba maumivu yatakwisha siku hiyo hiyo. Taji kuukuu limeondolewa, jipya limebandikwa, na fedha si haba zimetoka mfukoni. Hata hivyo, wapo ambao wiki kadhaa baadaye bado hutafunia upande mmoja tu, huogopa maji baridi, au huamshwa usiku wa manane na jino linalopwita kama moyo.

Hapo ndipo makosa mawili hutokea. Wapo wanaovumilia kwa miezi wakidhani jino “linazoea”, hali ufa unazidi kupanuka au usaha unakusanyika chini ya mzizi. Na wapo wanaokata tamaa mapema, wakadai jino ling'olewe, kumbe lilihitaji kusawazishwa kwa dakika chache tu. Pande zote mbili hasara ni moja: jino ambalo lingeweza kuokolewa hupotea. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Makala haya yanaeleza vyanzo vikuu vya maumivu hayo, namna ya kuvitofautisha, na hatua ambazo mgonjwa anafaa kuchukua kabla ya kukubali matibabu yasiyoweza kurudishwa nyuma.

Taji ni nini?

Taji, ambalo wengine huliita kofia ya jino, ni kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino lililooza sana, lililovunjika, au lililotibiwa mizizi na kubaki dhaifu. Huundwa kwa madini kama dhahabu, kwa kauri, kwa madini yaliyopakwa kauri, au kwa zikonia ambayo imeenea sana katika miaka ya karibuni.

Ili taji likae, daktari hulichonga jino pande zote, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 2, kulingana na aina ya taji na sehemu ya jino. Kisha umbo la jino huchukuliwa na kupelekwa kwa fundi wa maabara. Mgonjwa huvaa taji la muda hadi lile la kudumu liwe tayari, ingawa kliniki zenye mashine za kisasa huweza kulitengeneza siku hiyo hiyo.

Mataji mengi hudumu miaka 10 hadi 15, na mengine zaidi ya hapo. Sababu za kulibadilisha ni nyingi: kuoza kwa jino pembezoni mwa taji, kauri kumeguka, ufizi kushuka na kuacha ukingo wazi, au taji kulegea. Katika maeneo ya Bonde la Ufa kama vile Nakuru, Naivasha na Gilgil, na pia sehemu za Arusha nchini Tanzania, maji yenye floraidi nyingi hutia meno madoa ya kahawia. Baadhi ya wakazi huyafunika meno ya mbele wakiwa bado vijana. Mtu aliyevishwa taji akiwa na umri wa miaka 20 hana budi kutarajia kulibadilisha zaidi ya mara moja maishani.

Kubadilisha kunavyolichosha jino

Jino si jiwe. Chini ya gamba gumu la nje kuna tabaka liitwalo dentini, na katikati kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Dentini imejaa vijifereji vyembamba mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vyenye majimaji ndani yake. Katika miaka ya 1960, mtafiti wa Uswidi, Martin Brännström, alionyesha kwamba majimaji hayo yakisukumwa na baridi, joto, upepo au utamu, neva za kiini hushtuka na mtu huhisi maumivu makali. Jino lililochongwa limevuliwa gamba lake, na vijifereji hivyo vimeachwa wazi.

Taji la zamani halitoki kwa kuvutwa tu. Aghalabu hukatwa kwa mashine, na mtikisiko pamoja na joto hulifikia jino. Uozo uliokuwa umejificha huondolewa, nao huchukua sehemu nyingine ya dentini. Kisha jino huchongwa tena kidogo ili lipate ukingo mpya. Kwa hivyo, umbali kati ya saruji ya taji na kiini hupungua kila jino linapofanyiwa kazi.

Joto nalo si jambo la kupuuzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1965, Leo Zach na Gerson Cohen walipasha joto meno ya kima wa aina ya rhesus. Joto la kiini lilipopanda kwa nyuzi 5.5 za selsiasi, takriban asilimia 15 ya viini vilikufa. Hii ndiyo sababu mashine ya daktari wa meno hunyunyiza maji bila kukoma anapochonga.

Kiini huweza kupona baada ya msukosuko mmoja. Lakini jino ambalo liliwahi kuoza, likazibwa, likavunjika, likavishwa taji, na sasa linavishwa jingine, limepitia misukosuko mingi. Kubadilisha taji huenda kukawa tone la mwisho linalofurisha chungu. Utafiti uliofanywa Scotland na kuchapishwa mwaka wa 1998 uliangalia picha za eksirei za meno yenye mataji ambayo hayakuwa yametibiwa mizizi. Karibu jino 1 kati ya kila 5 lilikuwa na dalili za ugonjwa kwenye ncha ya mzizi.

Maumivu ya kawaida

Si kila maumivu ni dalili ya hatari. Baada ya taji jipya kubandikwa, ni kawaida jino kusisimka likiguswa na kitu baridi, na ufizi kuuma kwa siku chache kwa sababu ya kuguswaguswa na vyombo. Pahali palipochomwa sindano ya ganzi huweza pia kuuma.

Maumivu ya aina hii yana sifa tatu. Kwanza, huja kwa sababu inayojulikana, kama vile maji ya barafu, na hutoweka katika muda wa sekunde chache. Pili, hayamwamshi mtu usingizini. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, hupungua wiki baada ya wiki. Jino lililouma sana wiki ya kwanza, likauma kidogo wiki ya pili, na kusisimka tu wiki ya nne, liko katika njia ya kupona. Lile ambalo maumivu yake yamesimama pale pale au yanazidi linahitaji kuchunguzwa, hata kama siku zilizopita ni chache.

Taji lililozidi kimo

Chanzo cha kwanza cha kutiliwa shaka ni chepesi kutibu. Taji likizidi meno mengine kwa kimo, hata kidogo sana, hulipokea pigo la taya kabla ya mengine. Meno ya asili huweza kuhisi kitu chenye unene wa takriban milimita 0.02, ambao ni mdogo kuliko unene wa unywele. Nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa hupondeka na kuvimba, na mgonjwa huhisi uchungu kila anapouma kitu. Wengine husema jino “limekuwa refu”.

Tatizo hili hutokea kwa urahisi kwa sababu daktari hupima kimo mgonjwa akiwa bado na ganzi mdomoni, naye hawezi kusema kwa hakika meno yanakutana vipi. Ganzi inapokwisha nyumbani, ndipo kasoro hujulikana.

Tiba yake ni daktari kumwambia mgonjwa aume karatasi nyembamba ya rangi, kisha kusugua pale palipoachwa alama nzito. Ni muhimu pia kupima meno yakisuguana kwa ubavu, si kwa kuuma moja kwa moja pekee. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku chache. Anayesaga meno usingizini huzidisha tatizo hili, na huenda akahitaji kingo ya plastiki ya kuvaa usiku.

Kiini kilichovimba au kilichokufa

Pale ambapo kiini kimevimba kupita uwezo wa kujiponya, dalili hubadilika. Maumivu yanayoletwa na baridi au joto huendelea kwa nusu dakika au zaidi baada ya kitu hicho kuondolewa. Jino huuma lenyewe bila kuguswa, hasa mtu anapolala. Chai ya moto hugeuka kuwa adui, na wakati mwingine maji baridi ndiyo huleta nafuu. Mgonjwa huweza kushindwa kuonyesha ni jino lipi hasa linalouma, kwa maana maumivu hutambaa hadi sikioni, kwenye kipaji au taya ya pili ya upande huo huo.

Baadaye maumivu huweza kukoma ghafla. Wengi hufurahi, kumbe kiini kimekufa. Bakteria hushuka hadi ncha ya mzizi, mfupa huanza kuliwa, na baada ya wiki, miezi au hata miaka hutokea jipu au kijipele kinachotoa usaha kwenye ufizi. Wakati huo jino haliuoni tena ubaridi, bali huuma likigongwa au likitafuniwa.

Tiba ya hali hii ni matibabu ya mizizi: kuondoa kiini, kusafisha mifereji na kuiziba. Jambo linalowapa wagonjwa wengi faraja ni kwamba si lazima taji jipya litupwe. Mara nyingi daktari hutoboa tundu dogo juu yake, akafanya kazi kupitia hapo, kisha akaliziba. Kauri huweza kumeguka wakati wa kutoboa, kwa hivyo mgonjwa anapaswa kuelezwa hatari hiyo mapema.

Jino lililotibiwa mizizi nalo huweza kuuma

Kuna wanaouliza: “Jino langu lilitolewa neva miaka mingi iliyopita, litaumaje?” Jibu ni kwamba neva zilizotolewa ni zile za ndani ya jino. Nyuzi na mfupa unaolizunguka zingali hai, na zina neva zake.

Sababu moja ni mfereji uliosahaulika. Gego la kwanza la taya ya juu, kwa mfano, mara nyingi huwa na mifereji minne na si mitatu, na ule wa nne ni mwembamba na umejificha. Ukiachwa bila kusafishwa huwa makao ya bakteria. Sababu nyingine ni kuvuja: taji la zamani lililolegea huruhusu mate na bakteria kupenya hadi kwenye mizizi iliyozibwa. Kulivisha taji jipya jino kama hilo bila kurudia matibabu ya mizizi ni sawa na kupaka rangi ukuta unaovuja.

Kurudia matibabu ya mizizi, hasa na daktari bingwa anayetumia hadubini, huweza kuliokoa jino. Pale ambapo hilo haliwezekani, upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi na kuiziba kutoka chini ni njia nyingine.

Ufa usioonekana

Ufa ni miongoni mwa vyanzo vigumu zaidi kugundua. Dalili yake mashuhuri ni maumivu makali kama ya kuchomwa, yanayotokea mtu anapouma kitu kigumu, au pale anapoachilia baada ya kuuma. Ufa mwembamba hauonekani katika picha ya kawaida ya eksirei, na taji huuficha zaidi.

Ufa ulioishia sehemu ya juu ya jino huweza kudhibitiwa na taji lenyewe kwa kuzishikanisha pande mbili. Ule uliofika kwenye kiini huhitaji matibabu ya mizizi. Lakini mzizi uliopasuka kwa urefu kwa kawaida hauna tiba. Katika hali hiyo kung'oa ni uamuzi wa busara, kwani kuchelewa huzidi kuharibu mfupa ambao ungehitajika kushikilia jino bandia. Alama ambayo daktari huitafuta ni mfuko mwembamba na wenye kina kirefu katika sehemu moja tu ya ufizi.

Ufizi, mfupa na saruji

Wakati mwingine jino lenyewe ni zima na tatizo liko pembeni yake. Saruji ya kubandikia taji ikibaki chini ya ufizi, huwa kama mwiba: ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu. Nafasi kati ya taji na jino jirani ikiwa pana, nyama na nyuzi za mboga hukwama hapo kila mlo na kuleta uchungu wa kubana.

Aidha, ukingo wa taji ukizamishwa karibu mno na mfupa, ufizi hautulii kamwe. Utafiti wa mwaka wa 1961 ulipima tishu zinazoshikamana na jino juu ya mfupa na kupata wastani wa milimita 2 hivi. Ndipo madaktari hupenda kuacha angalau milimita 3 kati ya ukingo wa taji na mfupa. Pia wapo watu wachache ambao miili yao haipatani na nikeli iliyo katika baadhi ya madini ya mataji, nao hupata mwasho na wekundu wa kudumu kwenye ufizi.

Maumivu yasiyotoka kwenye jino

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kung'oa jino lisilo na hatia. Magego ya juu yako karibu na sinasi, yaani nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Sinasi zikivimba, meno kadhaa ya juu huuma kwa pamoja, na maumivu huzidi mtu anapoinama. Misuli ya taya iliyochoka kwa kusaga meno nayo huweza kuleta maumivu yanayofanana kabisa na ya jino.

Ugonjwa wa neva ya trijemini huleta mshtuko kama wa umeme, wa sekunde chache tu, unaoamshwa na kuguswa uso, kunawa au kupiga mswaki. Huo hutibiwa kwa dawa kama kabamazepini, si kwa koleo. Maumivu ya taya ya chini yanayokuja mtu anapopanda ngazi au kufanya kazi nzito, yakiandamana na kubanwa kifua au jasho, huenda yakawa ya moyo, na yanahitaji hospitali mara moja.

Mwisho kuna maumivu ya neva zenyewe, zilizojeruhiwa au zilizozoea kutuma ujumbe wa maumivu hata baada ya chanzo kuondoka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba karibu meno 5 kati ya kila 100 yaliyotibiwa mizizi yalikuwa bado yakiuma miezi 6 au zaidi baadaye, na sehemu kubwa ya maumivu hayo haikutokana na jino. Mtu mwenye hali hii huhisi uchungu wa kuendelea, aghalabu wa kuchoma, pahali pamoja, huku vipimo vyote vikiwa safi. Kung'oa jino hakumsaidii. Uchungu hubaki kwenye pengo au huhamia jino jirani. Mtu huweza kupoteza meno matatu au manne kwa mfululizo namna hii. Kinachosaidia ni dawa za neva, kama vile amitriptilini kwa kiasi kidogo, chini ya uangalizi wa daktari anayeifahamu hali hiyo.

Vipimo vinavyofaa kufanywa

Daktari makini hatoi uamuzi kwa picha moja. Kwanza humsikiliza mgonjwa: maumivu yalianza lini, huamshwa na nini, hudumu muda gani. Kisha hulipima jino kwa kitu baridi na kulilinganisha na jirani zake, ingawa taji huweza kupunguza usahihi wa kipimo hiki. Huligonga polepole, humwambia mgonjwa aume kijiti upande mmoja mmoja wa jino, hupima kina cha ufizi pande zote, na kukagua kimo kwa karatasi ya rangi.

Picha ya eksirei ni ya lazima, lakini ina mipaka. Mfupa hulazimika kupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla ya shimo kuonekana vyema katika picha. Hivyo, picha safi leo haimaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Huenda ikafaa kurudiwa baada ya miezi michache. Madini ya taji nayo huficha yaliyo chini yake. Pale ambapo shaka inabaki, picha ya pande tatu huweza kufichua mfereji uliosahaulika au mfupa ulioliwa.

Njia nyingine ni kulitia ganzi jino linaloshukiwa. Ganzi ikishika barabara na maumivu yasiondoke, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo kiko kwingine.

Dawa: zipi zifae, zipi ziepukwe

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni ikitumiwa pamoja na parasetamoli hutuliza maumivu ya meno vizuri kuliko kila moja peke yake. Lakini ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, baadhi ya wenye pumu, wala wajawazito wasioshauriwa na daktari. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na mtu achunguze kwamba dawa ya mafua anayotumia haina parasetamoli pia.

Viuavijasumu si dawa ya maumivu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka wa 2019 ulipendekeza visitumiwe kwa maumivu mengi ya kiini cha jino kwa watu wazima wenye afya, iwapo matibabu ya jino lenyewe yanapatikana. Vina nafasi yake pale maambukizi yanaposambaa na homa kuingia. Kununua vidonge vichache katika duka la dawa na kuviacha maumivu yakipungua huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu, na jino hubaki na ugonjwa wake.

Mafuta ya karafuu, ambayo watu wa pwani wameyatumia tangu jadi, yana yujenoli inayotia ganzi kidogo. Hata hivyo, yakitiwa kwa wingi huchoma ufizi, na hayapenyi chini ya taji lililobanwa vizuri. Aspirini kamwe isiwekwe juu ya ufizi. Huunguza ngozi ya kinywa na kuongeza kidonda juu ya maumivu.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa asingoje miadi bali aende hospitali mara moja iwapo uso, shingo au chini ya ulimi kumevimba, iwapo ana homa, anashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, au iwapo uvimbe unakaribia jicho. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni huweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo.

Kabla ya kukubali kung'olewa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali, na daktari mwema hayachukii. Chanzo cha maumivu kimethibitishwaje? Je, kimo cha taji kimekaguliwa bila ganzi? Kiini kingali hai? Kuna dalili gani ya ufa? Jino likitolewa, pengo litajazwa kwa nini na kwa gharama gani? Iwapo jibu la swali la kwanza ni “tung'oe tuone”, ni busara kutafuta maoni ya daktari wa pili, hasa bingwa wa matibabu ya mizizi. Hospitali zinazofungamana na vyuo vikuu vinavyofunza madaktari wa meno, kama vile Nairobi, Muhimbili na Makerere, zina mabingwa wa aina hiyo.

Ni vyema pia kutunza kumbukumbu. Mgonjwa aandike tarehe taji lilipobandikwa, aina yake, siku maumivu yalipoanza na mambo yanayoyaamsha. Aombe nakala za picha zake za eksirei, zikiwemo zilizopigwa kabla ya taji kubadilishwa, kwani tofauti kati ya picha ya zamani na mpya hueleza mengi kuliko picha moja. Nchini Kenya, anayeshuku kwamba alitendewa uzembe na asikizwe na kliniki husika anaweza kupeleka malalamishi kwa baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, ambalo pia huweka sajili ya madaktari walioidhinishwa.

Kwa anayejiandaa kubadilisha taji, kinga huanza kabla ya taji la zamani kukatwa. Kiini kipimwe na picha ipigwe kwanza. Ikiwa jino tayari lina ugonjwa wa mzizi, utibiwe kabla ya taji jipya kutengenezwa. Iwapo taji la zamani halina uozo, halijalegea na tatizo ni rangi tu, mgonjwa apime kama urembo huo unastahili hatari ya kulichokoza jino lililotulia. Taji la muda likitoka au kuvunjika, lirudishwe siku hiyo hiyo au kesho yake, maana dentini iliyoachwa wazi kwa wiki nzima huingiza bakteria moja kwa moja. Na inapowezekana, taji la kudumu libandikwe kwanza kwa saruji ya muda kwa wiki kadhaa. Jino likiuma, ni rahisi kulivua na kulitibu kuliko kulitoboa taji ambalo ndio kwanza limelipiwa.